UZI: Kifo cha ubongo si koma. Tuweke vipimo mezani

#1 Zabibu Kavu

Wakuu, salaam.

Kila ikitokea ajali kubwa barabara ya Morogoro, kuanzia Kibaigwa kuja Dodoma mjini, magrupu hujaa taarifa za mtindo mmoja. Asubuhi majeruhi "yuko koma". Mchana "ubongo umeshakufa ila mwenyewe bado yupo". Jioni "wamemchomolea mashine, amefariki". Mtu mmoja, siku moja, kapewa hali tatu ambazo kitabibu hazifanani. Nafungua uzi tuziweke sawa, wenye fani waongeze nyama.

Koma: macho yamefumba, haamshiki hata kwa maumivu, lakini sehemu za ubongo bado zinafanya kazi. Ukimmulika tochi mboni zinasinyaa, mrija wa kufyonza makohozi ukigusa njia ya hewa anakohoa, wengine wanapumua wenyewe. Koma kwa kawaida haidumu. Ndani ya wiki chache mtu ama anaanza kuamka, ama anafariki, ama anaingia hali ya pili.

Hali ya pili ndiyo inayochanganya wengi. Macho yanafumbuka, kuna saa za kulala na saa za kuwa macho, anapumua bila mashine, anaweza kupiga miayo au kusaga meno, ila hakuna dalili kwamba anajitambua wala anamtambua mtu. Madaktari Jennett na Plum waliipa jina mwaka 1972: "persistent vegetative state". Karen Ann Quinlan wa Marekani alikuwa humo: mahakama iliruhusu aondolewe mashine ya kupumulia mwaka 1976, akaendelea kupumua mwenyewe hadi 1985. Terri Schiavo, aliyefariki 2005, naye vilevile. Hadi leo kuna watu wanawataja hao wawili kama mifano ya kifo cha ubongo. Si kweli hata kidogo.

Kifo cha ubongo: ubongo, pamoja na shina lake, umeacha kazi na haurudi tena. Hapumui kabisa, hana refleksi (mwitikio wa mwili usiosubiri mtu kufikiri) hata moja ya kichwani. Huyo ni marehemu kitabibu, na katika nchi nyingi ni marehemu kisheria pia, hata kama kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu ya mashine.

Inafikaje huko? Fuvu la mtu mzima halitanuki. Damu ikivia ndani au ubongo ukivimba, presha ndani ya fuvu inapanda. Kawaida haizidi 15 mmHg. Damu nayo inasukumwa kwenda juu kwa presha ya wastani ya ateri, tuseme 90. Presha ya fuvu ikiifikia hiyo 90, hakuna tena kinachosukuma damu kuingia. Ubongo unakosa oksijeni, unavimba zaidi, na shina lake linasukumwa chini kwenye tundu la fuvu linakopita uti wa mgongo. Kwenye shina ndiko kilipo kituo cha kupumua.

#2 Nusu Kaputi

Mkuu Zabibu umefungua vizuri. Niongeze hapo kwenye vipimo, maana wengi wanadhani daktari anaangalia CT-Scan halafu anatamka. CT-Scan inakuambia sababu. Haitangazi kifo.

Kabla hujamgusa mgonjwa kuna masharti, na kazi kubwa iko humo. Ukiyaruka, vipimo vyote vinavyofuata havina thamani:

- Sababu ijulikane na iwe inatosha kuua ubongo: jeraha kubwa la kichwa, damu kuvia, moyo kusimama muda mrefu. "Tumemkuta hajitambui" si sababu.
- Joto la mwili lisipungue nyuzi 36. Hapotalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili, ikishakufa mwili hauwezi kujipasha, unafuata joto la chumba. Usiku wa Julai Dodoma, dirisha likiwa wazi, mgonjwa anashuka hadi 34 bila mtu kushtuka.
- Presha ya juu isiwe chini ya 100, kwa dawa ikibidi.
- Sukari, sodiamu na asidi ya damu zirekebishwe kwanza.
- Dawa za usingizi ziwe zimeisha mwilini. Kanuni ni kusubiri nusu-maisha (muda wa dawa kupungua nusu mwilini) tano za dawa husika. Midazolamu kwa mtu mwenye ini na figo nzima ni saa chache, ila ini au figo zikiwa mbovu hesabu hiyo haina maana. Fenobabitoni, ambayo degedege nyingi huku zinatibiwa nayo, ina nusu-maisha ya karibu saa 100. Mara tano ni saa 500, yaani takriban wiki tatu. Mgonjwa aliyepakiwa fenobabitoni humtangazi keshokutwa.
- Dawa za kulegeza misuli ziwe zimetoka. Kama hamna kifaa cha kustua neva, chukua nyundo ya goti. Goti likirusha mguu, ujue misuli haijafungwa na dawa.
- Kama moyo ulisimama ukarudi, subiri saa 24 kwanza.

Ndipo unaingia kwenye refleksi. Maumivu kwenye nyusi na kucha, uso usikunjamane. Mboni ziwe za kati au kubwa, zisiitikie mwanga mkali, na chumba kiwe na giza kiasi, si unamulika tochi ya simu chini ya taa kubwa. Konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, unaigusa kwa ncha ya pamba, ukingoni mwa mboni. Kugusa ile sehemu nyeupe peke yake hakuhesabiki. Kichwa unakigeuza haraka kulia na kushoto, macho yabaki yamekwama, ila usithubutu kama shingo inashukiwa kuvunjika, na kwa ajali za bodaboda shingo inashukiwa mpaka ithibitike nzima.

Kisha maji ya barafu sikioni. Chungulia kwanza sikio: nta ikiziba au ngoma ikiwa imetoboka, kipimo kimeharibika. Inua kichwa nyuzi 30, pitisha mililita 50 za maji ya barafu taratibu, angalia macho kwa dakika nzima. Subiri dakika 5 kabla ya sikio la pili. Macho yasisogee hata kidogo. Mwisho gusa koo la nyuma, na ingiza mrija wa kufyonza ndani ya mpira wa koo (bomba la kupumulia lililopitishwa kooni) mpaka mwisho wake. Hakuna kukohoa.

Refleksi moja tu ikijibu, basi. Unafunga faili, unaendelea na matibabu.

#3 Mpwapwa Kwetu

Nusu Kaputi, umesahau nyoka.

Sumu ya koboko na ya baadhi ya swila inapooza misuli yote, mpaka ya macho na ya kupumua. Mgonjwa analala kama gogo: kope hazifunguki, mboni zinaweza kuwa kubwa zisizoitikia mwanga, hakohoi, hapumui. Kumbe ndani akili iko timamu na anawasikia mkijadili jeneza. Kesi nyingi zilizoandikwa zinatoka India kwa nyoka aina ya krait, lakini kanuni ni ileile popote palipo na sumu ya neva. Mgonjwa huyo akishikiliwa kwenye mashine, au akibanwa mfuko wa kupumulia kwa mkono na ndugu wakipokezana, anaweza kurudi mzima baada ya siku chache.

Huku kwetu Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, mtu anaokotwa porini hana wa kumsemea. Kwa hiyo kabla ya maneno makubwa mvue nguo zote, tafuta alama za meno miguuni na mikononi. Alama wakati mwingine ni mbili ndogo mno zisizovimba.

Pili, dawa za kuua wadudu shambani. Aliyekunywa zile za kundi la oganofosfeti anaweza kuonekana anapona, halafu kati ya saa 24 na 96 shingo inalegea na pumzi inakata. Huyo ni mtu wa mashine, si wa mochwari. Na ukishampa atropini nyingi, usizitegemee mboni zake.

#4 Nusu Kaputi

Kweli kabisa daktari, nashukuru. Sasa kipimo cha pumzi, kile cha mwisho, ndicho kinachoharibiwa zaidi.

Wazo lake ni rahisi: hewa ukaa ikijaa kwenye damu, kituo cha kupumua kilicho hai lazima kishtuke. Hivyo unaiacha ijae huku ukimlinda asikose oksijeni.

Mpe oksijeni asilimia 100 kwa dakika 10 angalau. Pima gesi za damu ya ateri: hewa ukaa iwe kati ya 35 na 45 mmHg, oksijeni ipite 200. Mtoe kwenye mashine, pitisha katheta nyembamba ndani ya mpira wa koo mpaka karibu na njia panda ya mapafu, oksijeni lita 4 hadi 6 kwa dakika. Funua kifua na tumbo. Tazama dakika 8 hadi 10 bila kuondoa macho. Pima gesi tena, kisha mrudishe kwenye mashine. Hewa ukaa ikifika 60 na kuzidi kianzio kwa 20, pH ya damu (kipimo cha asidi) ikiwa chini ya 7.30, na kifua hakikujaribu hata kidogo, kipimo kimethibitisha.

Kwa nini dakika 8 hadi 10? Hewa ukaa inapanda kama 3 mmHg kila dakika. Kutoka 40 kufika 60 ni karibu dakika 7. Anayekata dakika ya 3 amejipumbaza.

Yanayoharibika: katheta nene ikiziba mpira wa koo, hewa inaingia haitoki, pafu linapasuka. Oksijeni ikifunguliwa lita 10 au 15 inaipeperusha hewa ukaa, haipandi, mnakaa pale kusubiri namba isiyokuja. Presha ikishuka chini ya 100 na haiinuki kwa dawa, au oksijeni ya kidoleni ikishuka chini ya 85, simamisha. Mapafu yakiwa mabovu, badala ya katheta tumia kiungo cha T chenye vali ya kubakiza presha. Na mwenye ugonjwa sugu wa mapafu aliyezoea hewa ukaa ya juu miaka yote, kwake hiyo 60 inaweza kuwa kawaida yake. Kipimo hakimfai, tafuta kipimo cha mtiririko wa damu kichwani.

#5 Mpwapwa Kwetu

Hapo ndipo wilayani tunapokwama. Mashine ya gesi za damu haipo, au ipo na katriji zimeisha. Watu wanachomoa mpira, wanahesabu dakika kwa saa ya ukutani, wanaandika "kifo cha ubongo". Bila namba ya hewa ukaa hiyo ni dhana. Mwenye kifaa cha kupima hewa ukaa ya pumzi anaweza kufuatilia inavyopanda, lakini hakichukui nafasi ya damu ya ateri.

Andika kile ulichokiona: koma nzito, hakuna refleksi za shina, hapumui, matarajio ni mabaya sana. Kujadili na familia kupunguza matibabu yasiyosaidia kunawezekana bila kumtangaza kuwa amekwisha kufa. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoleta kesi.

#6 Sista Ilazo

Naomba niseme ya kitandani, maana ndugu wanayaona hayo kabla ya daktari.

Moyo unadunda kwa sababu una kianzisha mapigo chake wenyewe kwenye ukuta wa chumba cha juu kulia. Hausubiri amri ya ubongo, unahitaji oksijeni tu, na mashine inaileta. Ndiyo maana mwili ni wa moto, ngozi ina rangi, mkojo unatoka. Ukimwambia ndugu "amefariki" huku anashika mkono wa moto, usimshangae akikukatalia.

Mkojo: ubongo ukishakufa, mara nyingi homoni ya kubana maji inakata. Mfuko unajaa zaidi ya mililita 300 kwa saa, mkojo mweupe kama maji ya bomba. Usipofidia, sodiamu inapaa, presha inaanguka, na masharti ya kipimo yanavunjika. Dawa ni desmopresini 1 hadi 4 maikrogramu mshipani pamoja na kurudisha maji. Ila angalia chati kwanza: aliyepewa manitoli (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo) saa chache zilizopita naye anakojoa hivyo hivyo.

Mashine: skrini ikionyesha mgonjwa "amevuta" pumzi, usikimbilie kushangilia. Vali ikiwekwa nyepesi mno, mapigo ya moyo au maji yaliyotuama kwenye mipira yanaifyatua. Mwaga maji, punguza wepesi wa vali, hesabu upya.

Na hili la mikono. Uti wa mgongo unaweza kuwa hai peke yake. Vidole vinacheza, mguu unajikunja ukigusa unyayo, na mara chache mikono yote miwili inanyanyuka na kukutana kifuani kama mtu anayesali, hasa wakati wa kipimo cha pumzi au dakika chache baada ya kuzima mashine. Ni refleksi ya uti, haifuti matokeo. Lakini ndugu aliyeko pale bila kuambiwa atapiga kelele wodi nzima. Mwambieni kabla.

#7 Chamwino Sayansi

Wadau, nataka kuleta ubishi kidogo, uzi usiwe wa makofi tu.

Kuna wanaosema kifo cha ubongo kilibuniwa ili wapate viungo vya kupandikiza. Nusu ya hoja ina ukweli. Kamati ya Harvard ya 1968 iliyoweka vigezo vya kifo cha ubongo, chini ya Henry Beecher, ilitaja wazi kwamba vigezo vya zamani vilileta utata katika kupata viungo, na ilikaa miezi michache tu baada ya daktari Barnard kupandikiza moyo Cape Town Desemba 1967. Lakini hali yenyewe ilikuwa imeshaelezwa Paris mwaka 1959 na Mollaret na Goulon, kwa wagonjwa 23, kabla ya upandikizaji wa moyo kuwepo. Mashine za kupumulia ndizo zilizoizalisha. Bila mashine, ubongo ukifa moyo unafuata ndani ya dakika.

Ubishi wa kweli uko kwingine. Sheria ya mfano ya Marekani ya 1981 inasema kazi zote za ubongo mzima ziwe zimekoma. Sasa Sista katuambia "mara nyingi" homoni inakata. Je, kwa wale ambao haikati? Sehemu ya hapotalamasi bado inafanya kazi, na hao wanatangazwa vilevile. Mwongozo wa Marekani wa 2023 umekiri na kusema kazi hiyo haizuii tangazo. Kwa maoni yangu huo ni mwanya kati ya maandishi ya sheria na kinachofanyika wodini, na Waingereza waliukwepa mapema kwa kutazama shina la ubongo tu tangu 1976.

#8 Wakili Area D

Chamwino umegusa penyewe. Kesi ya Jahi McMath ndiyo kipimo cha mwanya huo: msichana wa miaka 13, alitangazwa amefariki California Desemba 2013 baada ya upasuaji wa koo, familia ikamhamishia New Jersey ambako sheria inaruhusu pingamizi la kidini, na huko akapewa cheti kingine cha kifo 2018. Vyeti viwili, majimbo mawili, mwili mmoja.

Jambo la vitendo ni saa ya kifo, kwa ajili ya mirathi na bima. Marekani ni muda ambao majibu ya gesi za damu yametoka yakiwa yamefika kigezo, au kipimo cha ziada kilipotafsiriwa rasmi. Uingereza vipimo hufanywa mara mbili na madaktari wawili, ila saa inayoandikwa ni ya seti ya kwanza. Kokote kule si saa ya kuzima mashine. Kwa hiyo ile kauli ya "wamemchomolea ndiyo akafa" ina matatizo yake: inamfanya nesi aliyebonyeza kitufe aonekane muuaji.

#9 Ustadhi wa Majengo

Upande wa dini, kwa ufupi. Kwa Waislamu maulamaa hawakukubaliana neno moja. Jopo la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, Amman 1986, lilikubali kwamba aliyekufa ubongo hukumu yake ni ya maiti. Jopo la Makka 1987 likaruhusu kuondoa mashine lakini hukumu ya kifo isubiri moyo usimame. Kwa familia nyingi hiyo ya pili ndiyo nyepesi kupokelewa, na kitandani matokeo hayatofautiani sana. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba kubainisha wakati wa kifo ni kazi ya daktari, na Yohane Paulo II mwaka 2000 akakubali kigezo cha ubongo kikitumiwa kwa ukali wake.

#10 Zabibu Kavu

Shukrani wote. Niguse tamthilia kidogo. Mgonjwa wa kwenye runinga ana plasta moja kwenye paji la uso, hana mpira wa koo, bomba la oksijeni limening'inia puani, daktari anasema "ubongo wake umekufa, tumwombee", sehemu inayofuata kidole kinacheza, anafumbua macho na kuuliza yuko wapi. Mwenye bomba la puani anapumua mwenyewe, kwa hiyo kwa kigezo chochote ubongo wake haujafa. Kidole kucheza ndiyo hivyo Sista kasema. Habari za mtandaoni za "aliyekufa ubongo akaamka" nazo, ukizifuatilia, mara nyingi ni koma ya kawaida, dawa ambazo hazijaisha, au vipimo ambavyo havikukamilika.

Huku kwetu kuna na la msukule. Mwili wa moto usiojibu, kifua kinatembea, jirani anasema mwenyewe kachukuliwa, kilichobaki ni gamba. Kubishana na imani hiyo kitandani ni kupoteza muda. Mruhusu mzee mmoja wa ukoo asimame ndani wakati wa kipimo cha pumzi, aone dakika 10 kifua hakinyanyuki. Hilo linamaliza maneno kuliko hotuba.

#11 Mama wa Kikuyu

Swali: zile figo zinazopandikizwa Hospitali ya Benjamin Mkapa zinatoka kwa watu wa namna hii? Mtaani ndivyo wanavyosema.

#12 Nusu Kaputi

Hapana dada. Upandikizaji wa figo pale ulianza 2018 na mtoaji ni ndugu aliye hai, amepimwa, amekubali, na anarudi nyumbani na figo moja. Uvumi huo unafanya ndugu waogope hata kumleta majeruhi.

#13 Mpwapwa Kwetu

Kabla uzi haujapoa: kwa watoto?

#14 Nusu Kaputi

Masharti ni yaleyale ila makali zaidi. Mwongozo wa Marekani wa 2023 unataka vipimo kamili mara mbili, vikipishana saa 12 na kufanywa na wapimaji wawili tofauti, na kipimo cha pumzi kila mara. Mtoto wa chini ya miaka miwili usianze kabla ya saa 48 tangu aumie. Kichanga ambacho hakijafikisha wiki 37, ukihesabu na za tumboni, hakipimwi kabisa kwa vigezo hivi. Na mtoto wa malaria kali ya ubongo anaweza kupoteza refleksi za shina kisha zikarudi, kwa hiyo pima sukari kwanza, malizia matibabu ya malaria, zuia degedege, subiri.